Migebuka wawili

Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka nikashindwa kujisikia mwenyewe, nikaona bora nisahihishe madaftari kuliko kupasua koo. Darasa la Nne, zoezi la kutunga sentensi kumi kwa wingi. Nikafika kwenye daftari la mvulana wa dawati la nyuma, mtoto wa mvuvi, mwandiko wake umelalia upande mmoja kama mtumbwi ulioingia maji. Sentensi ya saba aliandika: "Migebuka miwili imelala mezani." Nikamwekea kosa kwa wino mwekundu, nikaendelea.

Alipokuja kuchukua daftari hakuondoka.

"Mwalimu, samahani. Mtumbwi mmoja, mitumbwi miwili?"

"Ndiyo."

"Mkeka mmoja, mikeka miwili?"

"Ndiyo."

"Sasa mgebuka mmoja..."

Nikamkatiza. Samaki ni kiumbe hai, nikamwambia, yuko ngeli ya A-WA, kwa hiyo migebuka wawili wamelala mezani, ndivyo ilivyo, nenda kakae. Akaenda. Jioni nikiwa natembea kurudi nyumbani, matope yameniganda kwenye viatu, ndipo nikakumbuka kwamba wiki tatu nyuma niliandika ubaoni kwa herufi kubwa: neno likianza na M- katika umoja na MI- katika wingi, liko ngeli ya U-I. Yule mtoto aliniamini, akaweka neno la nyumbani kwao kwenye kanuni yangu, nami nikamwadhibu kwa kuniamini.

Kwa wasiofika Kigoma, mgebuka ni samaki mwembamba wa Ziwa Tanganyika. Akikaangwa kwa mawese akaletwa na ugali wa muhogo, hutauliza yuko ngeli gani. Lakini mtoto wa Kigoma hawezi kutunga sentensi kumi bila samaki kuingia, na mgebuka ni mtego uliotegwa katikati ya sarufi yetu: umbo lake ni la mti na mkeka, tabia yake ni ya mtu na ng'ombe.

Mimi mwenyewe ni mtu wa Kasulu. Nyumbani tulisema Kiha, Kiswahili nilikikuta shuleni, na nilikikuta kikali. Shule niliyosoma kulikuwa na kipande cha ubao chenye kamba, anayesikika akisema kilugha anavishwa shingoni mpaka amnase mwingine wa kumpokea. Sarufi tulifundishwa kwa kukariri. Tulisimama, tukaimba jedwali la ngeli kutoka juu mpaka chini, mwalimu ameshika fimbo anapita katikati ya madawati. Nililijua jedwali lote. Nilipofika sekondari bado nilikuwa nasema "vitabu zangu". Basi nilipoajiriwa mimi, na kupangiwa shule ya mjini Kigoma yenye Darasa la Nne la wanafunzi 94, nilifanya nini? Nikabandika jedwali ukutani na kuweka fimbo juu ya meza. Mtu hufundisha alivyofundishwa mpaka apate aibu. Aibu yangu ilikuwa ile ya migebuka.

Haikunibadilisha siku moja. Kwanza nilikimbilia mahali ambapo walimu wengi hukimbilia tukisikia "somo lifurahishe": wimbo. Nilitunga mahadhi, nikapanga ngeli zote ndani yake, watoto wakaupenda mno. Waliuimba wakifagia uwanja, wakaupeleka mpaka kisimani. Mwalimu wa Darasa la Tatu akanipongeza ofisini. Wiki hiyohiyo msichana aliyekuwa anauongoza wimbo huo kwa sauti nzuri kuliko wote alinijia analia: "Mwalimu, madaftari zangu zimelowana." Nilimpa pole, na kimoyomoyo nikaupa pole wimbo wangu.

Nikajaribu mpira. Tulishona mpira wa matambara, natupa, anayedaka anajibu swali: wingi wa ufunguo? wingi wa ukuta? Darasa likawaka moto. Nilifurahi karibu mwezi mzima kabla sijaona kinachoendelea. Wavulana wanne warefu walikuwa wanadaka wao, wanajibu wao. Waliobaki walikuwa wanaruka na kupiga kelele, wameshachoka kwa furaha, na hakuna aliyefikiria ukuta wala ufunguo. Nikaongeza peremende kwa anayepata. Hapo nikaharibu kabisa, kwa sababu siku ambayo mshahara ulichelewa na peremende hazikuwepo, na sarufi nayo haikuwepo.

Nilichokuja kukielewa, na ningependa mtu angeniambia mwaka wa kwanza, ni hiki. Katika ule mchezo ukiondoa swali la sarufi, mpira unabaki mpira na raha yake yote. Sarufi ilikuwa kiingilio tu, mtoto analipa haraka ili aingie uwanjani. Nilihitaji mchezo ambao ukiutoa upatanisho wa kisarufi, mchezo wenyewe unakufa.

Niliupata Kibirizi. Jumamosi nilikwenda kununua dagaa, na kama kuna mahali watu wanasema nomino, idadi, sifa na kionyeshi kwa mkupuo mmoja bila kufundishwa, ni penye meza ya samaki. Hao wawili wakubwa hapo, si hao, wale. Hilo fungu dogo. Hiyo ndoo nyekundu. Nilisimama pale na kikapu changu kama mtu aliyesahau alichofuata. Kila mteja alikuwa anapatanisha maneno kwa kasi, kwa sababu asipopatanisha anapewa kitu kingine.

Jumatatu nikaomba maboksi matupu dukani. Tukakata samaki, nyavu, makasia, mitumbwi midogo, vikapu, madumu ya mawese, ndimu, mihogo, funguo, mbao. Pesa ikawa vizibo vya soda, kila mnunuzi vizibo kumi. Meza nane, wauzaji wawili kila meza, waliobaki wote wanunuzi. Sheria ya soko ilikuwa moja tu: muuzaji anauza kile alichoombwa kwa sentensi iliyonyooka. Ukisema "nipe nyavu viwili vikubwa", muuzaji anajibu "sina hivyo", unarudi nyuma ya foleni. Na foleni ya watoto zaidi ya sabini si kitu cha mzaha.

Siku ya kwanza lilikuwa ni varangati tupu. Nililitegemea hilo. Nisichokitegemea ni kwamba wauzaji walianza kuuza holela, kwa marafiki zao hasa, sentensi iwe nzima au imevunjika. Biashara ni biashara. Ndipo nikaweka mgambo. Mgambo wanne, wanazunguka kati ya meza, wakimsikia muuzaji amekubali sentensi mbovu wanataifisha mali yake na kutangaza kosa kwa sauti. Akili ya kawaida ingesema mgambo wawe wale wanaojua zaidi. Nami nilitaka kufanya hivyo. Lakini wale wanaojua zaidi walikuwa wauzaji na hawakutaka kuacha meza, basi kwa kukosa namna nikawavisha vitambaa vya mkononi watoto wanne wa nyuma, akiwemo yule wa migebuka.

Jambo hilo la bahati lilinifundisha kuliko semina zote nilizohudhuria. Mtoto aliyekuwa anakosea kila siku, ukimpa kazi ya kukamata makosa ya wengine, masikio yake yanaamka. Alikuwa anasimama kando ya meza, kichwa kimeinama, hasemi kitu, kisha anapiga filimbi ya mdomo: "Simama! Kasia kubwa hili, makasia makubwa haya. Umesema hizi!" Mwanzoni alikuwa anakosea naye, anataifisha mali ya watu waliosema sawasawa, na kesi inaletwa kwangu kwa kelele. Tulisikiliza kesi. Aliyemshitaki anatoa ushahidi wa sentensi nyingine: unasema kasia limevunjika au imevunjika, na yakiwa mengi unasemaje? Baada ya wiki mbili kesi zilipungua. Baada ya mwezi, yule mvulana alikuwa anakamata hata mimi.

Kesi kubwa kuliko zote ilikuwa ya dagaa.

Kulikuwa na msichana ambaye mama yake anauza dagaa, dagaa wa Kigoma waliokaushwa vizuri, hawana mchanga. Alikuwa muuzaji hodari darasani kwa sababu nyumbani ndiyo kazi. Siku hiyo akauza "dagaa hizi". Mgambo akataifisha. Msichana akakataa kuachia, wakavutana mpaka samaki wa boksi wakachanika. Nikaitwa. Mgambo alisema dagaa ni samaki, samaki ni kiumbe hai, kwa hiyo dagaa hawa. Msichana akasema: "Mwalimu, dagaa hawa ni wale wa ziwani. Hizi zimekauka. Zimekufa tangu juzi. Utasemaje kiumbe hai?"

Darasa zima likamgeukia mgambo. Naye akafikiri kidogo. "Babu yangu amekufa. Hatusemi babu ile."

Sijawahi kusikia hoja ya sarufi iliyo bora zaidi, na sikuifundisha mimi. Ila hoja ya msichana nayo ilikuwa na uzito, na mimi najua, wewe unajua, ukienda sokoni Kibirizi au Mwanga au popote, utasikia "dagaa hizi bei gani" kutoka kwa watu wenye heshima zao. Nikiwaambia watoto kwamba mama zao wanakosea, nitakuwa nimewavisha kile kibao cha Kasulu kwa namna nyingine. Nikasema: kuna soko la Kibirizi na kuna soko la darasani. Kibirizi uza unavyouza. Hapa darasani, na kwenye mtihani, dagaa ni hawa, wawe hai au wamekauka. Wakakubali, kwa shingo upande.

Siku mbili baadaye mama mtu akaja shuleni. Nikajua nimekwisha. Alinisalimia vizuri, akaketi, akaniuliza kama ni kweli mwanawe alinyang'anywa samaki kwa sababu ya neno. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, mwalimu. Ila mimi huwa nauza hizi, na zinaisha." Akacheka, akaniachia fungu kwenye gazeti. Alipotoka nikabaki naangalia lile gazeti. Sarufi yangu haijawahi kumaliza kitu sokoni.

Kesi ya dagaa ilizaa kesi nyingine. Mtoto mmoja aliandika "Liemba ameondoka." Wazee wa hapa wanaizungumzia meli ile kama jamaa yao, na mtoto alikuwa ameibeba lugha ya babu yake. Tukaijadili. Niliwaeleza kwamba meli ile iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa mpaka hapa Kigoma na kuunganishwa upya. Kwamba Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 ili adui asiipate, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Mkono ukainuka kutoka katikati: "Mwalimu, ilikufa ikazikwa ikafufuka. Bado si kiumbe hai?" Tulicheka mpaka kipindi kikaisha. Hakuna hata mmoja katika darasa lile aliyeandika tena "Liemba ameondoka", na mimi sikuwahi kuwaandikia kanuni yoyote kuhusu majina ya vyombo.

Kwa idadi hatukutumia soko. Soko lilikuwa zuri kwa sifa na vionyeshi, lakini watoto walikuwa wanakwepa hesabu kubwa: kila mtu ananunua kimoja au viwili kwa sababu vizibo ni kumi tu. Nikawaangalia wasichana wakati wa mapumziko wanacheza mdako chini ya mwembe. Kishimo, vijiwe ndani, unarusha kimoja juu, kabla hakijatua umeshavuta vingine, ukidaka unaendelea. Nikawaomba kitu kimoja tu: mchezaji akivuta, atangaze kilichotoka kabla hajarusha tena. Jiwe moja limetoka. Mawe mawili yametoka. Mawe matatu yametoka. Akikosea, zamu imekwenda kwa mwenzake. Na kila siku tukabadilisha vitu vya kishimoni, maana ukibadilisha kitu umebadilisha ngeli. Vizibo: kizibo kimoja kimetoka, vizibo viwili vimetoka. Mbegu za mchikichi: mbegu moja imetoka, mbegu mbili zimetoka. Mdako una mapigo yake, mkono hauwezi kusubiri ulimi ufikirie, kwa hiyo ulimi unajifunza kuwahi.

Wavulana walidharau, mdako ni mchezo wa kike. Walidharau kwa siku tatu.

Huko ndiko sita alikokamatwa. Msichana mmoja alisema "vizibo visita vimetoka", wenzake wakamzomea, naye akauliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa chuoni: kwa nini moja mpaka tano wote wanavaa sare na sita hataki? Kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano, halafu sita peke yake. Neno hilo la sare lilikuwa lake. Tukajaribu wote pamoja: saba hataki. Nane anataka, vizibo vinane. Tisa hataki. Kumi hataki. Nikawaambia sita, saba na tisa ni wageni, walikuja na Kiarabu, hawakushonewa sare za kwetu. "Na kumi, mwalimu?" Kumi si mgeni, ni Mbantu kama sisi. Nikakosa la kusema, nikasema huyo ni mwenyeji mkaidi. Mpaka leo darasani kwangu kumi anaitwa mkaidi.

Ila sare ilibaki. Niliacha kusema "upatanisho wa kisarufi" isipokuwa kwenye andalio la somo, maana hapo lazima. Mtoto akisema "vitabu zangu zimelowana" mwenzake anamwambia tu, sare! Naye anajitazama, kama mtu aliyeambiwa vifungo vyake vimepishana, anarudia: vitabu vyangu vimelowana.

Sijui kama niliwahi kuwa na darasa lenye Kiswahili cha aina moja. Watoto wa Ujiji wamezaliwa ndani ya Kiswahili, babu zao wamekisema tangu enzi za misafara, na hawaachi kukukumbusha. Watoto waliohamia kutoka Kasulu, Buhigwe au Kakonko wanakuja na Kiha. Na wako waliovuka ziwa kutoka Kongo, wana Kiswahili chao kamili, ila si hiki cha vitabuni. Mvulana mmoja wa huko alisema "kiti ya mwalimu" na "batoto banakuja", darasa likaangua kicheko, naye akanyamaza kwa wiki nzima. Mtoto aliyechekwa hawezi kucheza. Hilo nililijua kutoka shingoni mwangu.

Sikutoa hotuba. Nilisubiri zamu yangu, nikaandika ubaoni maneno mawili ya kwetu: umwana, abana. Nikawauliza wanaojua Kiha, huyu mmoja ni nani, hawa wengi ni nani. Wale waliokuwa wanaficha Kiha chao wakatazamana. Halafu msichana mmoja mkimya, mtoto aliyekuja mjini mwaka huohuo na ambaye sikuwa nimewahi kusikia sauti yake, akasema polepole: "Mwalimu, kumbe na Kiha kina sare." Umwana na mwana, abana na wana. Umuntu na mtu, abantu na watu. Nikamgeukia yule mvulana: na kwenu, batoto? Akasema, ba ni wa. Nikasema, basi hajakosea, amevaa sare ya shule nyingine. Kicheko kilichofuata hakikuwa cha kumcheka.

Alilipa deni mapema. Siku ya soko alinishika pabaya: "Mwalimu, mama ni kiumbe hai?" Ndiyo. "Mwalimu wangu, mtoto wangu, mgebuka wangu?" Ndiyo. "Basi kwa nini mama yangu, si mama wangu?" Baba yangu, dada yangu, rafiki yangu, ndugu zangu. Anakuja, si inakuja, lakini ni yangu. Nilimwambia ukweli, kwamba majina ya jamaa yasiyo na kiambishi mbele yamejishonea desturi yao kwenye umilikishi, na kwamba lazima uyazoee masikioni. Ningekuwa yule mwalimu wa zamani ningesema ndivyo ilivyo, nenda kakae. Jibu karibu ni lilelile, najua. Tofauti ni kwamba safari hii aliliona tatizo kabla ya kupewa jibu, na hakulisahau.

Si kila kitu kilikwenda vizuri, na nisiwadanganye. Kelele zilikuwa kelele. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni siku moja, mikono nyuma. "Mwalimu, hapa ni darasa au soko?" Nikajibu, "Soko, mwalimu mkuu." Hakucheka. Ilibidi tukubaliane soko liwe mara moja kwa wiki, kipindi cha mwisho, ili jirani wa Darasa la Tano aweze kufundisha hesabu kwa amani. Alikuwa na haki. Dakika 40 ni chache, na kumi za kwanza zinaliwa na kupanga meza. Wako watoto waliochukia soko: wapole, wanaoona aibu kupaza sauti. Kwa hao mdako ulifaa zaidi, vikundi vya watano watano, hakuna anayewatazama. Na soko lenyewe lilichuja. Lilivuma miezi miwili hivi, kisha watoto wakawa wamekariri sentensi tatu salama za kununulia, wanapita nazo foleni nzima. Nililiua kabla halijafa. Nililirudisha mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, na kwa muda ule soko letu la maboksi ndilo lilikuwa na migebuka wengi kuliko soko la kweli. Watoto waliupenda sana utani huo, wakapandisha bei.

Mazoezi ya kuandika hayakuondoka. Kuna wakati nilidhani michezo itayaondoa; haiwezi. Mtoto lazima akae, atulie, aandike sentensi zake kumi. Kilichobadilika ni kwamba anapoandika anasikia sauti ya mtu sokoni akisema, na sauti ile inamzuia mkono kabla ya wino.

Mchezo ambao haujachuja mpaka sasa ni ule wa bei rahisi kuliko yote. Kila asubuhi naingia na kosa moja la makusudi. Naliweka popote, kwenye salamu, kwenye tangazo, ubaoni. "Fungueni madirisha yote, hewa imekuwa nzito." Hakuna kosa. "Chukueni chaki zenu, muandike kwenye mabao yenu." Mikono juu! Ubao huu, mbao hizi! Wananisikiliza kwa makini ambayo sikuwahi kuipata kwa fimbo, wanangoja nianguke. Siku moja nilisema jambo, silikumbuki vizuri, kitu kuhusu nyufa za ukuta, nikapatanisha vibaya. Sikuwa nimekusudia. Kosa la siku hiyo nilikuwa nimelipanga mbele zaidi. Mikono ikapanda. Yule mvulana wa migebuka, sasa amerefuka, akasimama, akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu, hilo umekosea makusudi au umekosea kweli?"

Nikamwambia kweli. Darasa likanyamaza, kana kwamba nimewakabidhi kitu cha thamani, halafu wakapiga makofi.

Mwezi uliopita nilikwenda Kibirizi jioni. Yule msichana wa dagaa yuko sekondari sasa, alikuwa anamsaidia mama yake kupanga mafungu. Shikamoo, mwalimu. Marahaba. Akafunua turubai, dagaa wamekauka vizuri, wanang'aa. Mama yake akakohoa kidogo, akajifanya anahesabu chenji.

"Mwalimu, nikupimie hawa," akauliza, macho yake yanacheka, "au hizi?"

Nikalitazama fungu. Nikamtazama mama.

"Hizi," nikasema. Nilikuwa nataka nyongeza.